Ziwa Halikugawanywa

Sogeeni, Sadiki na Sumaiya, na mlango ufungeni, maana mke mwenzangu Zamda ana masikio hata akiwa jikoni. Mimi mama yenu naondoka. Nisikilizeni sauti ingalipo.

Nyumba hii ya Mjerumani marehemu baba yenu aliinunua ikiwa gofu, na biashara iliporuhusiwa kwa kila mtu, wageni wakawa wanashuka melini hapa Mbamba Bay wakitafuta pa kulala, akaifanya gesti. Akasema wake zake wawili watawaandalia chai ya asubuhi kwa haki: mimi mkubwa nikapewa chumba cha kulia, Zamda akapewa baraza. Aligawa meza sawa, viti sawa, hata vijiko. Ziwa hakuligawa! Lilibaki lote barazani kwa Zamda.

Nilikaanga samaki mbasa, nikakoroga uji wa ulezi, nikachemsha kahawa ya Mbinga mpaka harufu ikafika bandarini, na bado wageni walipita mezani kwangu, "Shikamoo mama," kisha hao, wanakwenda kula vitumbua vyake vilivyoungua chini huku wakitazama maji. Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waongo! Vile vitumbua viliuzwa na ziwa. Wivu ulinila, wanangu, na hata sasa unanila.

Mirathi ataigawa shehe. Mimi nausia haya: meza yangu ya mninga, Sumaiya, isipelekwe barazani hata Zamda akiililia, na kabati la vyombo, Sadiki, lisihame ukutani pake. Msigombane, ninyi ni wa tumbo moja. Zamda ni mama yenu mdogo, alimnyonyesha Sumaiya nilipougua. Mwamkieni, mtunzeni, kuleni naye. Ila vitumbua vyake msivisifie kaburini kwangu.

Nipeni maji... Basi, yatosha.

La mwisho. Jeneza langu lisipite mlango wa nyuma. Lipitisheni barazani, asubuhi, chai ikiwa mezani, ili wote walionipa kisogo waweke vikombe chini na kusimama. Na pale ukingoni mwa baraza mnitue... mnielekeze majini. Kidogo tu. Zamda atasubiri, mimi nimesubiri sana.

Radhi zangu mnazo, wanangu. Mungu awape riziki isiyo na... isiyo na kisirani.

Hiyo harufu... ni yeye huyo. Sadiki, mwambie mama yako mdogo apunguze moto... vinaungua.