Kuni Zilizobaki kwa Mama Waziri

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni punguzeni moto kidogo, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mzee Kasiano wa Buraza, kule Gitega. Fundi wa majiko ya udongo. Jaji wa shindano la nyumba zinazookoa kuni. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na moja.

Mzee Kasiano alikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Kuni zilikuwa mbali, na mama yake alizibeba kichwani. Hilo hakulisahau.

Na alikuwa jaji wa aina yake! Wenzake wawili walipima jiko, wakaandika, wakataka kuondoka. Yeye alipima kuni, akavuta kigoda, akangoja maharagwe yaive, akapima kuni zilizobaki, kisha akaomba sahani. Mkewe, Mama Dorotea, anacheka huku akifuta machozi: "Akirudi hali chakula changu. Ameshakula nyumba nne!"

Lakini, wasikilizaji wapendwa, jaji huyu alikosea mara moja, na kosa lile lilimkaa rohoni.

Ilikuwa Muyinga, miaka mitatu iliyopita, nyumbani kwa Hidaya, mshonaji, anayeitwa Mama Waziri kwa jina la mwanawe. Kuni zilizobaki kwake zilizidi za wote. Mzee akashtuka. Akauliza, akaambiwa maharagwe yalilowekwa tangu jana yake. Kanuni ilitaka maharagwe makavu. Akasema mbele ya majirani: "Mama Waziri, umetudanganya." Akamwondoa.

Hidaya alijibu neno moja tu: "Bon, Muzee, mi sikuiba kitu. Kwangu maharagwe inalala mu maji kila siku. Sasa kosa iko wapi?"

Ushindi ukaenda kwingine, na Hidaya akabaki na jina la mdanganyifu mtaani kwake.

Siku chache baadaye, Mzee Kasiano alimkuta Mama Dorotea akiloweka maharagwe, kama alivyofanya miaka yote. Kama mama yake Mzee alivyofanya, ili kuni zitoshe. Akasimama akiliangalia lile bakuli. Mama Dorotea anakumbuka: "Aliniambia, 'Dorotea, nimemwaibisha mtu kwa jambo alilonilelea mama yangu.'"

Aliwaendea waandaaji. Wakasema matokeo hayabadiliki. Akapanda gari mpaka Muyinga, akawaita majirani walewale, ua uleule. "Tulitumwa kutafuta nyumba inayookoa kuni," akasema. "Tuliipata hapa. Mimi nikaifukuza. Mama Waziri hakudanganya." Alirudia mara tatu, wa nyuma nao wasikie.

Hidaya hakusema amesamehe. Alimpakulia maharagwe, Mzee akala, akarudi Buraza hajui moyo wa yule mama umetulia au la. Aliondoka duniani hajui.

Siku ya mazishi, Hidaya alifika Buraza na ndoo ya maharagwe yaliyokwisha kulowekwa. Akaomba jiko la marehemu. Akapikia waombolezaji. Alipomaliza, akachukua mizani ya Mzee, akapima kuni zilizobaki, akamkabidhi Mama Dorotea. "Mama, hii imebaki. Ni ya Muzee. Mwambie nimeshinda, na sina kitu naye tena."

Mama Dorotea, watoto na wajukuu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe unayetusikiliza, kama kuna mtu ulimwaibisha mbele za watu, mrudie mbele za watu walewale, mngali hai wote wawili.

Kuni zile ziko bado jikoni Buraza, zimefungwa kwa kamba. Mama Dorotea hajaziwasha.