Sista Waridi na Kadi za Mzee Awale

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Sista Waridi Abdurahim anatuaga baada ya miaka ishirini na sita hapa Makao ya Wazee ya Utulivu, mtaa wa Tena. Aliingia akiwa muuguzi wa zamu, anaondoka akiwa muuguzi mkuu. Mimi Zubair wa jikoni nimepewa kazi ya kumwandikia, labda kwa sababu tumegombana kila siku kuhusu chumvi na bado nampenda.

Waridi ni mzaliwa wa Pumwani. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akizalisha akina mama, na husema tofauti ya mtoto mchanga na mzee ni moja tu: mtoto hakuulizi kura yako ulimpa nani. Hapa alianzisha matembezi ya asubuhi na bustani ya sukuma wiki. Vijana wa zamu humwita Sista Noma, lakini wakihakikisha kwanza hayupo karibu.

Hata hivyo, anayetaka kumjua Waridi sharti asikie habari ya kadi. Mzee Awale, aliyekuwa akiuza vitambaa Eastleigh, alikuja kwetu kumbukumbu zikimpotea. Kiswahili chake nacho kikaenda zake, akabaki na Kisomali. Kila jioni alisimama akipiga kelele: kadi! kadi! Tukamletea kadi yake ya kliniki, akaitupa. Waridi mwenyewe akaenda dukani kumnunulia kadi za kuchezea, akazigawa mezani kwa bashasha. Lo! Mzee akapindua meza. Tukamwambia daktari kwamba mzee amekuwa mkali, na Daktari Wahome, kwa hayo aliyoambiwa, akamwandikia dawa ya kutuliza.

Basi akatulia. Akatulia kupita kiasi! Alilala kitini, akasinzia juu ya uji wangu, na chai yake ya saa kumi ikawa inarudi jikoni kikombe kimejaa. Idil, binti yake, alikuja kila Jumapili, akamshika mkono, akaondoka bila baba kufumbua macho. Siku moja alimuuliza Waridi kama baba yake ndiyo anaaga dunia.

Swali lile lilimchoma Waridi. Akamketisha Idil, akamsimulia yote, hata zile kelele akaziigiza sawasawa. Idil akapigwa na butwaa, akacheka, kisha akalia. Kwa Kisomali, kaadi ni mkojo. Maskini mzee wa watu alikuwa akiomba kupelekwa chooni, nasi tunamletea karata! Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku hiyohiyo Waridi alimwita daktari. Mzee akapimwa, akakutwa na maambukizi kwenye njia ya mkojo, akatibiwa. Dawa ya kutuliza ikapunguzwa kidogo kidogo, maana si dawa ya kukatwa ghafla. Tangu hapo Waridi alitufunza kwamba kabla ya kumwombea mzee kidonge, tujue kwanza anachotaka: choo, maji, nafuu ya maumivu, au mtu tu wa kukaa naye. Vidonge vyenyewe hana ugomvi navyo. Bi Ambaro, mmoja wa wazee wetu, anavihitaji kweli, na hajawahi kuvikosa. Lakini wengi walipunguziwa, na jioni zetu sasa ni ubishi wa mpira na malalamiko kuhusu chai yangu. Nayapokea kwa furaha, hata yale ya uongo.

Jumapili moja Idil aliingia, mzee akainua uso, akamwita kwa jina, kisha akamgombeza kwa kuchelewa. Idil aligombezwa huku akitokwa na machozi ya furaha. Waridi alikimbilia jikoni akajifuta uso kwa kitambaa changu cha vyombo, na siku hiyo sikumkaripia.

Mzee Awale alitutoka mwaka jana, baada ya kumgombeza bintiye Jumapili nyingi sana.

Asante, Sista. Tutakukosa, na tunasema hivyo bila haya. Nenda salama nyumbani kwako Njiru, upumzike, na chumvi utie upendavyo. Nawe siku ukizeeka ukaita, Mungu akujalie mtu wa kuuliza unaita nini.