Fomu ya Binti wa Fundi Viatu

Benchi langu limetazamana na geti la shule ya masista, nami nauza kahawa hapo tangu geti lile likiwa la mbao. Asubuhi hiyo Fundi Viatu alikuja na fomu ya bintiye. Kila msichana wa kidato cha tatu achague lugha moja na ufundi mmoja, mzazi asaini, fomu irudi kabla ya kengele ya saa sita. Ikichelewa, msichana anapelekwa kufuma vitambaa, darasa lenye nafasi siku zote, na binti yule kufuma hataki hata kukusikia. Kusaini ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini baba mtu akaona kwanza apate ushauri, na pale benchi ushauri ni bure: kuna Spika, karani mstaafu asiyenyamaza, na Injinia, anayeziba pancha za baiskeli.

— Kifaransa, — Spika akaamua kabla hajakaa vizuri. — Kesho keshokutwa ni mkalimani. Marais wawili hawaelewani, yeye yuko katikati.

— Na akikosea neno? — Injinia akauliza.

— Vita.

— Basi hapo nchi mbili zitamtafuta nani? Baba yake!

Fundi Viatu akaitazama karatasi kama kiatu kilichong'oka soli.

— Kijerumani je?

— Kile kinakwaruza koo, — Spika akasema. — Ataolewa na nani na sauti hiyo?

— Ana miaka kumi na sita, — nikasema.

— Mama Kahawa, ongeza kahawa.

Nikaongeza.

— Haya, ufundi, — Fundi Viatu akasema. — Kuna upishi, ushonaji, kompyuta, umeme.

— Upishi, — Injinia akasema.

— Kupika si anajua?

— Anajua kwa kijiko. Kule wanapika kwa mizani. Lakini hapo pia angalia, mtu akizoea mizani hata wewe baba yake atakupimia.

— Mwenyewe anataka umeme, — Fundi Viatu akasema taratibu.

Benchi likanyamaza. Pale ukimya ni dalili mbaya, maana yake watu wanatunga.

— Umeme unafuata nywele, — Injinia akasema. — Unadhani masista wanafunika vichwa kwa nini?

— Si mambo ya sala?

— Sala! Mle ndani kuna mashine kumi. Kile kitambaa kina mpira ndani yake.

Spika hakubali kushindwa. Akasema ofisini kwao alikuwepo mwanamke aliyesomea umeme, na kila alipopita, saa za ukutani zilisimama.

— Yako imesimama tangu ustaafu, — nikamwambia. — Na sasa hivi ni saa sita kasoro dakika saba.

— Mama Kahawa, tuachie hili sisi tuliosoma.

Mimi nimeishia darasa la saba. Injinia aliishia la tano. Najua, tulikaa dawati moja.

Mara binti akatokea, anavuka barabara mbio na sare yake.

— Shikamooni. Baba, Sista anafunga orodha. Umesaini?

— Tunaijadili, mwanangu.

— Begi langu liko darasani. Nani ana kalamu?

Fundi Viatu akapapasa mfuko, akatoa misumari. Injinia akatoa spana. Spika, karani wa miaka thelathini, akaanza kutazama mawingu. Tangu saa tatu wanaume watatu wanajaza fomu, na kalamu hakuna.

Yangu naichomeka kwenye kilemba. Inaonekana. Nikampa binti. Akaweka fomu juu ya sinia langu, akaandika maneno mawili, akamwonyesha baba yake pa kusaini. Akasaini. Miwani aliisahau kibandani. Binti akatimua mbio na kalamu yangu. Kengele ikaanza kulia akiwa katikati ya barabara, mlinzi naye anasukuma geti. Akamwachia upenyo. Akapita kiubavu.

— Ameandika nini? — Fundi Viatu akauliza.

— Kifaransa na upishi, — Spika akasema.

— Kijerumani, — Injinia akasema. — Nimeona mkono unavyozunguka.

— Mama Kahawa, wewe ulishika sinia. Umeona?

Nilikuwa nimeona. Hati nzuri, herufi kubwa.

— Kahawa imekwisha, — nikasema, nikajimiminia iliyobaki.