Galaksi ya Mwalimu Elia

Watu wa mtaa wa Rahaleo wakitoka kazini hupumzika kwanza kwenye benchi la nje ya kinyozi, wakinywa kahawa. Josephu, mpakiaji wa bandarini, ndiye aliyekuwa akichelewa kuondoka kuliko wote. Mkewe, Sabina, alivuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji kumchukua mama yake, vita vya kumng'oa Mreno vikaziba njia nyuma yake. Masika ilikuja ikapita bila neno, na nyumba ikamshinda Josephu. Jioni moja Mwalimu Elia alileta gazeti la kizungu lenye picha: vumbi la mwanga, kipingo cheupe katikati, mikono miwili imejikunja kandokando.

— Rafadha ya meli hiyo! akasema Hassani, ambaye kwa kuosha sitaha za meli tu walimpa jina la Nahodha.

— Rafadha gani inawaka? akadakia Ismaili, waliyemwita Redio kwa kutokaukiwa habari. — Kimbunga hicho. Wamarekani wamekipiga picha wakiwa mwezini.

— Kimbunga chenye kipingo?

— Basi bomu la Mreno. Linazunguka juu kwa juu. Likichoka, korosho zetu kwisha!

— Na kinacholizungusha ni nini? Si rafadha?

Wakacheka. Josephu naye alicheka, wenzake walipokwisha nyamaza.

— Jamani, akasema Elia, — hizo ni nyota. Kundi zima huitwa galaksi. Iko mbali hata mwanga wake umesafiri mamilioni ya miaka. Hapo mnaiona ilivyokuwa zamani.

Josephu akashusha kikombe. Kila siku alimwona akilini Sabina akipanda mtumbwi, akimpungia mkono. Hakondi, hazeeki.

Athumani, dereva mgeni wa lori aliyekuwa akinywa kimya, akainamia picha.

— Samahani, mwalimu. Leo hii bado ipo?

— Picha haiwezi kutuambia hilo, akasema Elia.

— Ndugu, Josephu akamwuliza dereva, — lori lako laelekea wapi?

— Kitaya, mtoni Ruvuma. Alfajiri.

— Nichukue.

— Kule kuna mizinga ya Mreno, Josephu, akasema Nahodha, safari hii bila mzaha.

— Najua.

Kesho yake, ukingoni Kitaya, alimsogelea mama mmoja aliyeshuka mtumbwini na mkeka kichwani.

— Shikamoo, mama. Huko utokako, hukumwona Sabina, mke wangu?

— Marahaba, baba. Yukoje?

Josephu akaanza kueleza, akajikuta kila neno ni la Sabina alivyokuwa siku ile ya mtumbwi.