Damu Niliyoiita Baraka

Sifa zote ni za Mungu aliyeniumba, akanivumilia, akanifikisha siku hii nikiwa na pumzi na akili ya kushika kalamu. Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina lake. Mimi ni Dorka, mke wa Mzee Zakayo fundi seremala, na wengi wenu wa Kisumu mmenunua samaki wa ngege kwenye meza yangu sokoni pale Dunga. Niliwahi kutoa ushuhuda kanisani, nimefunga kitambaa cheupe cha akina mama, na ushuhuda ule haukuwa kweli. Sikukusudia kudanganya. Lakini haukuwa kweli, na ndiyo maana naandika huu.

Tuliishi na Zakayo miaka thelathini bila mtoto. Sitasema mengi juu ya miaka hiyo. Mke asiyezaa katika nchi yetu anajua maswali anayoulizwa, na asipoulizwa huangaliwa tumbo. Ndugu za mume wangu walimtafutia mke wa pili, akakataa. Aliwaambia kwamba aliahidi mbele ya madhabahu, na madhabahu haijahama. Mimi niliomba na kufunga. Nilipofika miaka hamsini, siku zangu za mwezi zikakoma. Nikaacha kuomba mtoto, nikaomba moyo wa kukubali, na Mungu akanipa, kidogo kidogo.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kuisha. Miaka minne ilikuwa imepita tangu siku zangu zikome. Asubuhi moja, nikiwa katikati ya kupara samaki, nikaona damu.

Nilimwambia Akinyi. Alikuwa mjane, mkubwa wangu kwa miaka michache, meza yake kando ya yangu, na ulimi wake haukujua kupumzika.

“Nyar Seme,” akasema, maana wengi huniita hivyo, binti wa Seme, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa. “Kumbe umerudi usichana. Mwambie Zakayo alete ng'ombe wengine, mahari ya kwanza imeisha.”

“Nyamaza, watu wanasikia.”

“Wasikie. Kesho utatuletea sketi fupi hapa.”

Tulicheka mpaka mteja mmoja akauliza kama tunauza samaki au maneno. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka. Nilipiga magoti. Niliwakumbuka wale mama wazee wa Maandiko waliopewa watoto wakati majirani walikuwa wameshakata tamaa. Nikasema, “Bwana, hata mimi?” Wala sikungoja anijibu. Hilo ndilo kosa langu, ndugu zangu. Niliuliza swali, nikajijibu mwenyewe, kisha nikalipeleka jibu kanisani kana kwamba limetoka kwa Mungu.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu nikasema Bwana amefungua kizazi changu. Akina mama walipiga vigelegele. Pasta aliniwekea mikono. Zakayo, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia, aliinamisha kichwa hadi magotini na hakukiinua mpaka wimbo ukaisha. Jumatatu alichukua mbao nzuri alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kurekebisha boti, akaanza kutengeneza kitanda cha mtoto.

Siku chache baadaye Sista Peris alikuja kununua samaki. Yeye ni muuguzi. Wakati ule alifanya kazi na daktari aliyekuwa akifanya utafiti wa saratani za kizazi, na kila Jumatano walikuwa na kliniki kule Kombewa. Akinyi akamtangazia habari yangu kama anavyotangaza dagaa wake wa omena. Sista hakucheka. Aliweka kikapu chake chini.

“Mama, siku zako zilikoma lini?”

“Miaka minne sasa.”

“Na damu hii imekuja mara ngapi?”

“Inakuja, inaenda, inarudi.”

“Mama, mwanamke akishamaliza, damu haitakiwi kurudi, hata tone. Mara nyingi ni kitu kidogo tu. Lakini kuna wakati ni saratani inaanza, na ikipatikana mapema inatibika. Njoo Kombewa Jumatano tukupime.”

Nilimfungia ngege wake kwenye gazeti, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. “Sista, wewe unapima watu,” nikamwambia. “Sasa unataka kumpima Mungu?”

Akinyi aliguna. Sista Peris alichukua samaki wake. “Jumatano yoyote, Mama,” akasema, akaenda zake.

Miezi mitatu ilipita. Damu haikufuata mwezi. Ilikuja ikakaa wiki mbili, ikapotea siku tatu, ikarudi. Nguvu zikapungua. Kubeba beseni kutoka ufukweni hadi mezani kukawa kazi ya kupumzika njiani. Tumbo halikukua. Akina mama walipouliza hali yangu nilijibu, “Namshukuru Mungu,” kisha nikatafuta la kufanya haraka. Mume wangu sikumwambia kitu. Ningesemaje? Ningekwenda hospitali, ingekuwa nimeiita zawadi ya Mungu ugonjwa, na mbele ya kanisa zima.

Kisha siku moja, nikiwa katika maombi, nikajisikia nikisema, “Bwana, mzuie Sista Peris asije sokoni leo.” Nikanyamaza hapo hapo. Nilikuwa mtoto wa mchungaji, ndugu zangu, nimefundishwa maombi kabla ya kusoma. Nilijua kwamba mtu mwenye imani haombi ili asiulizwe. Nilikuwa siombi mtoto tena. Nilikuwa naomba maficho.

Mchana huo Zakayo alikuwa uani akisugua kitanda kile kwa msasa. Kilikuwa kizuri, chenye vijiti vyembamba pande zote, kila kijiti amekizungusha kwa mkono.

“Nyar Seme,” akaniita, “nikipake vanishi, au tungoje?”

“Tungoje,” nikasema.

Mkono wake ukasimama. “Tungoje nini?”

Nikakaa chini pale kwenye maranda nikamweleza yote, damu ya wiki mbili mbili, udhaifu, maneno ya Sista. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliukunja msasa akautia mfukoni.

“Leo ni siku gani?”

“Jumatatu.”

“Basi keshokutwa tuko Kombewa.”

Kule Kombewa Sista Peris alitupokea bila kunikumbusha maneno yangu ya sokoni, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa. Daktari alikuwa mtu mtulivu kutoka upande wa Bungoma. Alianza kwa kupima mkojo. Zakayo akamuuliza, kwa sauti ndogo, “Daktari, haiwezi kuwa mimba?”

“Mzee, hicho ndicho tulichopima kwanza. Hakuna mimba. Pole.”

Zakayo alitikisa kichwa polepole kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali. Mimi nilitazama mikono yangu. Ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa bado nimemshika yule mtoto ambaye hakuwepo.

Daktari akatueleza utafiti wao. Njia inayojulikana ya kupima damu ya namna ile ilikuwa kumlaza mwanamke usingizi katika chumba cha upasuaji, Kisumu, na kukwangua kidogo ukuta wa ndani wa kizazi ili ukatazamwe kwa darubini. Wengi wa vijijini hawakufika huko, au walifika wamechelewa. Sasa kulikuwa na mrija mwembamba sana wa plastiki, unaoweza kuchukua kipande kidogo mwanamke akiwa macho, hapo hapo kliniki. Walitaka kujua kama majibu ya mrija yangelingana na majibu ya Kisumu.

“Mnataka kunifanyia majaribio?” nikauliza.

“Mama, Kisumu utaenda, hilo halina mjadala. Tunachoomba ni ruhusa ya kutumia mrija kabla ya hapo.”

“Na mrija ukikosea?”

“Unaweza kukosea. Ndiyo sababu hatuutegemei peke yake.”

“Kwani hamjui?”

“Bado hatujui, Mama. Tungekuwa tunajua, tusingekusumbua.”

“Nikikataa?”

“Utapimwa na kutibiwa vilevile, na hakuna atakayekununia,” akasema Sista Peris. Akanisomea karatasi yote kwa Kiswahili, kisha akairudia kwa Dholuo, lugha yetu, akanipa muda.

Ndugu zangu, maneno yale, “bado hatujui”, yalinigusa kuliko mahubiri mengi. Huyu alikuwa msomi na hakuona haya kungoja jibu. Mimi mwenye imani sikungoja hata siku saba. Nikatia sahihi yangu.

Mrija uliuma kama tumbo la mwezi, kisha ukaisha. Wiki iliyofuata nililazwa Kisumu wakanikwangua. Majibu yote mawili yalisema jambo moja. Ilikuwa saratani ya ukuta wa kizazi, na kwa kadiri walivyoweza kuona ilikuwa bado haijatoka nje. Daktari alisema kizazi kiondolewe, na kiondolewe mapema.

Mtu atasema, mama wa miaka hamsini na minne anakililia kizazi cha nini? Nilikililia. Nilikuwa nimeweka chumba hicho tayari miaka thelathini kwa mgeni ambaye hakuja, na sasa walitaka kukibomoa. Nilimwambia Mungu hivyo, bila kupamba. Hakunikemea. Amani iliyonijia haikuwa na sauti wala maono. Ilikuwa kama pale mtu anapokutua mzigo kichwani, ndipo unapojua ulivyokuwa mzito. Nikamwambia Sista, “Niandikeni siku.”

Nilipasuliwa, nikapona. Mwalimu mmoja tuliyelala naye vitanda jirani katika wodi ile, mwenye ugonjwa kama wangu uliogunduliwa umechelewa, hakurudi kwake. Alikuwa mwombaji kuliko mimi. Sijui kwa nini yeye na si mimi, na sitajaribu kuwaeleza.

Niliporudi nyumbani kitanda cha mtoto hakikuwepo. Zakayo alikuwa amekifungua ubao kwa ubao akatengeneza kiti cha kukaa kando ya jiko, chenye mikono miwili, kwa sababu nilikatazwa kuinama. Vile vijiti vyembamba alikuwa amevipanga kwenye egemeo. Nilikaa. Kilinitosha.

Nilipopata nguvu nilimwendea Pasta, nikamwomba nafasi ya kusahihisha ushuhuda wangu.

“Mama Dorka, acha tu,” akasema. “Watu watasahau. Ukisimama, wengine watavunjika moyo.”

“Pasta, nilipoingia nilipita mlango wa mbele. Sitaki kutoka kwa mlango wa nyuma.”

Akakubali. Jumapili hiyo nilisema yote, damu, kiburi, mrija, upasuaji. Hakukuwa na vigelegele. Nilikaa nikidhani nimewaaibisha.

Nje, baada ya ibada, mtu alinishika kitenge kwa nyuma. Alikuwa Akinyi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ananong'ona.

“Nyar Seme, hata mimi.”

“Hata wewe nini?”

“Natoka damu. Nilianza kabla yako.”

“Akinyi! Na ule mzaha wote wa sketi?”

“Ungetaka nilie? Uliposema ni baraka, nikajiambia basi hata yangu si ugonjwa. Sasa umesema hivi, nifanyeje?”

Hapo ndipo nilipoona uzito wa neno la mtu anayesimama mbele. Ushuhuda wangu wa kwanza ulikuwa umemnyamazisha rafiki yangu. Nilimshika mkono. Jumatano nilikwenda naye Kombewa, akatia sahihi ya dole gumba na kumuuliza daktari kama ana mke. Kisumu walimpata na nyama ndogo isiyo saratani, wakaitoa, damu ikakoma. Anauza omena hadi leo, na kelele zake ziko palepale.

Kwa miaka mitano Sista Peris alinifuata na daftari lake, akiniuliza maswali yale yale: damu imerudi, kuna maumivu, unakula? Nilijibu yote, maana nilijua majibu yangu yataenda kwa mwanamke nisiyemjua. Mwishowe daktari alirudi kutueleza walichokipata, kama alivyoahidi. Mrija ulilingana na kipimo cha Kisumu kwa wengi, lakini si kwa wote. Kwa hiyo mama ambaye mrija haukuona kitu, na bado anatoka damu, asitulie, apelekwe mbele. Nilipenda kwamba alisema na upungufu wake.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeniokoa na saratani, na kabla ya hiyo akaniokoa na woga wa kuulizwa. Namshukuru kwa Sista, kwa daktari, kwa mume wangu ambaye sasa ni mzee sana na bado ananiita nyar Seme. Nawe mama unayesoma, kama damu imerudi baada ya kukoma, usiiite baraka na usiiite laana. Usiipe jina bado. Mwambie mtu leo, uende ukapimwe, na umtumaini Mungu ukiwa njiani. Yeye haogopi kipimo.

Naandika nikiwa nimekalia kiti kile. Mungu wa rehema akulinde wewe uliyeshika karatasi hii. Akupe moyo wa kungoja jibu, watu wa kukusindikiza kulifuata, na mahali pa kukaa utakaporudi. Amina.