Kioo cha Bi Thuraiya

Kijiwe chetu hapa Konde kipo chini ya dirisha la Bi Thuraiya. Tukisema uongo, yeye alikuwa akitukosoa kutoka ndani, kupitia mbao za dirisha. Akitaka kitu dukani, alikuwa akiita tu. Mwaka huu mwanawe Suhail, anayeishi Maskati, alimletea vioo vya dirisha vya kuzuia joto, tabaka mbili, visivyofunguka, ili mama alale kwenye ubaridi na umeme usiliwe bure. Juzi mchana, sisi tukinywa kahawa papa hapa, Bi Thuraiya alianguka chumbani. Jirani yake Asya alimkuta magharibi, keshafariki. Leo khitma imesomwa, nasi tumerudi kukaa.

— Kile si kioo, alianza Masoud, tunayemwita Dishi kwa kunasa kila habari. Kimepakwa madini. Jua likija, linarudishwa lilikotoka.

— Wacha uongo, yakhe! alidakia Bakar Injinia, ambaye hajajenga hata banda la kuku. Katikati mna hewa maalumu. Joto likiingia mle hupotea njia.

— Ndo maana wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone, akaongeza Dishi.

— Hiyo imeingiaje hapa?

— Kwani joto si mgeni?

Hakuna aliyecheka. Kificho, muuza kahawa, alimimina vikombe bila kuinua uso.

— Basi na sauti hupotea mumo humo, alisema.

Injinia akakohoa.

— Toka viwekwe hakutukosoa hata mara moja. Mimi nikadhani sasa tunasema kweli.

— Sauti haipotei, akasema Dishi, taratibu. Imekwama katikati ya vile vioo viwili. Siku vikivunjwa, tutasikia yote aliyoyasema.

— Basi visivunjwe, Masoud, akasema Injinia. Wallahi visivunjwe.

Mlango wa Bi Thuraiya ukafunguliwa. Suhail akatoka, kanzu yake ingali na mikunjo ya sanduku. Akatoa salamu, tukaitikia, tukasogea apate nafasi. Hakukaa.

— Wazee wangu, juzi mchana mlikuwepo hapa?

— Tulikuwepo, mwanangu, alijibu Kificho. Allah amrehemu mama yako.

— Amin. Alikuiteni?

Sote tukainua macho dirishani. Ndani hatukuona kitu. Kioo kilituonyesha sisi, tumekaa, vikombe mikononi.