Bwana Moshi na Nusu ya Maneno ya Daktari

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa soseji ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Moshi. Alizikwa wiki iliyopita. Aliyetusimulia habari zake ni mjane wake, fundi cherehani, na alisimulia kwa hasira mwanzo mwisho. "Msimpambe," alituonya. Basi, hatutampamba.

Bwana Moshi alianza kazi akiosha visu nyuma ya bucha. Akajifunza kusaga nyama, kuikoleza chumvi, kuijaza kwenye utumbo na kuitundika juu ya moshi. Mkono wake ulikuwa mtamu. Foleni ilifika barabarani, naye akiwatania wateja: "Msisukumane jamani, ng'ombe ameshakufa, hakimbii!"

Shida ni kwamba mteja wake mkubwa alikuwa yeye mwenyewe. Soseji asubuhi. Nyama ya moshi mchana. Jioni anarudi nyumbani na mabaki, anatafuna njiani.

Presha ikapanda. Mkewe akamkokota hadi kwa daktari, mama mmoja mpole, naye akawaeleza taratibu. Mboga za majani na bitiruti zina nitrati. Bakteria wa mdomoni huigeuza kuwa nitriti, kisha mwili huigeuza kuwa gesi inayolegeza mishipa ya damu. Presha inashuka kidogo. Lakini nitriti inayotiwa kwenye soseji, ili nyama isioze na ibaki nyekundu, inakuja na chumvi tele na mafuta tele, na wanaokula sana nyama hizo huugua moyo zaidi. "Punguza soseji," daktari akasema. "Kula mboga. Meza dawa."

Wasikilizaji, Bwana Moshi alitoka na neno moja tu. Nitriti.

"Mke wangu, umesikia?" Hata getini hawajafika. "Si ndiyo ninayotia kwenye soseji? Kumbe miaka yote najitibu!"

"Umesikia nusu."

"Nusu ya daktari inanitosha."

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Mkewe akipika spinachi, yeye anaikatia soseji juu. Akaanza kunywa juisi ya bitiruti, gilasi mkono huu, nyama mkono ule. "Nyekundu inasafisha nyekundu," anasema. Kisha, ili asinuke moshi, anasukutua kwa dawa kali ya kinywa. Binti yao akashika kichwa. "Baba! Hao bakteria unawaua, sasa juisi itafanya kazi na nani?"

"Nyinyi mmeungana dhidi yangu," akajibu, akaenda zake.

Halafu akaacha vidonge. Rudia nami, msikilizaji: akaacha vidonge, eti juisi inatosha. Mkewe alivisaga akavichanganya kwenye uji. Mumewe akaubaini uchungu, akaumwaga uji wote.

Moyo ulimkamata mchana, kwenye chumba cha moshi. Kifua kilimbana, mkono ukafa ganzi. Wenzake wakataka kumpeleka hospitali. "Gesi tu hii," akasema, akaendelea kutundika nyama mpaka akaanguka.

Mkewe alimkuta kitandani hospitalini, pini ya kupimia nguo bado imechomekwa begani mwa gauni lake.

"Mama watoto, tafadhali usianze," akamnong'oneza.

"Sikuanza," alituambia mjane. "Nilimshika miguu tu. Ilikuwa baridi." Jioni hakuifikia.

Kwa mjane, binti na wenzake wote wa bucha, tunawapa pole ya dhati. Tuko nanyi.

Waombolezaji walimwambia mjane kuwa siku ya mumewe ilikuwa imefika. "Haikufika," aliwajibu. "Aliifuata, na sahani mkononi. Na nilimpenda yule mtu, ndiyo maana nimekasirika hivi."

Wasikilizaji wapendwa, huenda hapo nyumbani yuko anayekwambia jambo lile lile kila siku, mpaka umemchoka. Zima redio hii. Kaa naye, na leo mwache amalize sentensi.